Saa ya Mtambo na Saa ya Kompyuta: Jinsi ya Kuzioanisha na kwa Nini Jambo Hili Linamhusu Mtumiaji



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza namna ya kusoma dira ya maji, namna ya kuikagua ankara na namna ya kuwasilisha malalamiko. Somo hili linahusu jambo ambalo watumiaji wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni saa iliyomo ndani ya mitambo. Tumeliandika tukiwafikiria zaidi wakazi wa kata kama Msimbu, wilayani Kisarawe, pamoja na wajumbe wa kamati za maji wanaokabidhiwa pampu, kompyuta na kumbukumbu za mauzo bila ya kuelezwa vifaa hivyo vinahesabu wakati kwa njia gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya mashine. Mashine huandika saa pampu ilipowashwa, saa ilipozimwa na kiasi cha maji kilichopita. Mstari ulioandikwa na mashine huaminiwa kuliko neno la mtu. Lakini mstari huo una thamani sawa na saa iliyouandika. Saa ikiwa na kosa, daftari husema uongo kwa hati nzuri, na anayeumia ni mlipaji wa ankara au mfanyakazi anayetuhumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza kwa nini saa ya mtambo na saa ya kompyuta huachana. Kutambua dalili za saa zisizooana. Kujua hatua ambazo fundi anapaswa kuzifuata katika kuzioanisha. Na kuuliza maswali yanayofaa pale kumbukumbu ya mashine inapotumiwa dhidi yake.

1. Vifaa viwili, saa mbili

Maji hayaji bombani kwa nguvu zake yenyewe. Tarehe 28 Juni 2020 Rais John Pombe Magufuli alizindua mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe. Maji ya mradi huo hutoka mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, wilayani Kibaha, hupitia Kibamba, kisha husukumwa kupanda hadi tangi la lita milioni 6 mjini Kisarawe. Safari ya namna hiyo huhitaji pampu kuwashwa na kuzimwa kwa wakati wake, matangi yasifurike na mabomba yasibaki matupu. Visima vidogo vya vijijini navyo huhitaji utaratibu huohuo kwa kiasi chake.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyekaa karibu na swichi. Leo, katika miradi mingi, hufanywa na kidhibiti, ambacho mafundi hukiita PLC. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya kabati la umeme. Upande mmoja hupokea habari kutoka kwenye vihisio: tangi limejaa au halijajaa, maji yanapita au hayapiti. Upande wa pili hutoa amri kwa pampu na vali. Katikati kuna programu iliyoandikwa na fundi, na programu hiyo inaweza kubadilishwa bila ya kukata na kuunganisha nyaya upya. Vifaa vya namna hii vilianzia katika viwanda vya magari vya Marekani. Kimojawapo cha kwanza, Modicon 084, kilitoka mwaka 1969, na tangu hapo vimeenea katika viwanda vya saruji na vya vinywaji, katika mashine za kusaga nafaka na katika vituo vya maji.

Kompyuta hufanya kazi nyingine. Hukusanya habari kutoka kwa kidhibiti, huzihifadhi, huchora chati, huandaa taarifa za mwezi na wakati mwingine hutoa ankara. Kidhibiti kina saa yake na kompyuta ina saa yake. Hakuna kinachozilazimisha saa hizo kukubaliana, isipokuwa kama mtu amepanga zikubaliane. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kuoanisha saa.

2. Kwa nini saa huachana

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Saa za vifaa hivi huhesabu mitetemo ya kipande kidogo cha jiwe la kwatsi, na hakuna vipande viwili vinavyotetema sawasawa kabisa. Kosa la sehemu 20 kwa kila milioni ni la kawaida. Siku moja ina sekunde 86,400. Kosa hilo ni takribani sekunde 1.7 kwa siku, sekunde 52 kwa mwezi, na zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Joto huongeza tofauti hiyo, na kabati la chuma linaloshinda juani hupata joto jingi.

Sababu ya pili ni kukatika kwa umeme. Umeme unapokatika, saa ya kidhibiti huendelea kwa betri ndogo au kwa hifadhi ya umeme iliyomo ndani. Baadhi ya vidhibiti vidogo huweza kudumu hivyo kwa majuma mawili au matatu tu. Hifadhi ikiisha, saa hurudi kwenye tarehe ya mwanzo iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo inaweza kuwa ya miaka mingi iliyopita. Msomaji akiona katika taarifa kwamba pampu iliwashwa mwaka 1970 au 1994, asidhani ni mzaha. Ni saa iliyopoteza kumbukumbu yake.

Sababu ya tatu ni tofauti ya majira. Vidhibiti vingi huhesabu ndani yake kwa majira sanifu ya dunia, yale ambayo mafundi huyaandika kwa herufi UTC. Majira ya Afrika Mashariki yametangulia majira hayo kwa saa 3. Kompyuta inayoonyesha majira yetu na kidhibiti kinachoonyesha majira ya dunia zitatofautiana kwa saa 3 kamili, ingawa kila moja iko sahihi kwa kipimo chake. Vilevile, kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imewekewa majira ya Ulaya au Marekani huruka saa moja mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa nchi nyingi za huko husogeza saa katika kiangazi. Tanzania haisogezi.

Sababu ya nne ni yetu wenyewe, nayo inastahili sehemu yake.

3. Saa yetu na saa ya mashine

Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Jua likichomoza ni saa 12 asubuhi, na baada ya saa moja tunasema ni saa 1. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, kutoka 00:00 hadi 23:59. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini mtu asipozitofautisha huleta madhara. Mifano ni hii:

03:00 ya mashine ni saa 9 usiku.
06:00 ya mashine ni saa 12 asubuhi.
10:00 ya mashine ni saa 4 asubuhi.
16:00 ya mashine ni saa 10 jioni.
20:00 ya mashine ni saa 2 usiku.

Tuseme kamati ya maji inamwagiza fundi kwa simu: "Pampu ifanye kazi kuanzia saa kumi hadi saa mbili." Wajumbe wanakusudia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, wakati watu wamerudi kutoka mashambani na vibaruani. Fundi aliyezoea saa ya mashine anaandika 10:00 hadi 02:00. Badala ya saa nne za kusukuma maji, pampu inafanya kazi kwa saa kumi na sita mfululizo. Umeme unaliwa na kisima kinachoka, na mwisho wa mwezi kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Kwa hiyo tunashauri kwamba agizo lolote linalohusu mtambo liandikwe, lisiishie katika maneno, na kila saa itajwe kwa njia zote mbili: "saa 10 jioni, yaani 16:00". Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi. Tarehe 03/04 kwetu ni 3 Aprili. Kwa programu iliyotengenezwa kwa mazoea ya Kimarekani ni 4 Machi.

4. Mfano: Maji ya saa tatu yalikwenda wapi?

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila hesabu iliyomo inaweza kutokea.

Katika kijiji kimoja cha Kata ya Msimbu kuna kisima chenye pampu inayotoa mita za ujazo 5 kwa saa. Maji huingia katika tangi dogo na kutoka kwenye kioski chenye bomba sita. Kidhibiti huwasha pampu asubuhi, na mwendeshaji hufungua kioski pampu inapoanza. Kamati ilipopata kompyuta, mjumbe mmoja alichapisha kumbukumbu ya kidhibiti na kuiweka mezani pamoja na daftari la mauzo.

Kumbukumbu ya mashine ilisema: pampu iliwaka 03:00 na kuzimwa 07:00. Daftari la mwendeshaji lilisema: mauzo yalianza saa 12 asubuhi na kumalizika saa 4 asubuhi.

Wajumbe walitafsiri sawasawa: 03:00 ni saa 9 usiku. Wakaona pampu ilifanya kazi kwa saa tatu gizani kabla ya ndoo ya kwanza kuuzwa. Saa tatu kwa mita za ujazo 5 ni mita za ujazo 15, yaani lita 15,000. Swali likaulizwa mbele ya mwendeshaji: "Maji ya saa tatu yalikwenda wapi?" Akajibu kwamba yeye hufika na mapambazuko na kwamba majirani wote ni mashahidi. Akaambiwa kwamba mashine haina jirani wala ndugu.

Hapo ndipo tunamwomba msomaji atulie na kulitazama jambo lenyewe kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni tofauti ya mwanzo na ya mwisho. Mwanzoni mashine imetangulia daftari kwa saa 3: kutoka 03:00 hadi 06:00. Mwishoni pia imetangulia kwa saa 3: kutoka 07:00 hadi 10:00. Wizi wa usiku ungeongeza muda wa pampu kufanya kazi, usingeuhamisha. Tofauti inapokuwa ileile mwanzo na mwisho, anayepaswa kushukiwa kwanza ni saa.

Kipimo cha pili ni urefu wa kazi. Mashine inasema pampu ilifanya kazi saa nne. Daftari linasema mauzo yalidumu saa nne. Urefu umekubaliana, kilichokataa kukubaliana ni nafasi yake katika siku.

Kipimo cha tatu ni dira ya maji. Dira ya kawaida ya mzunguko haina saa, hivyo haidanganywi na saa. Saa nne kwa mita za ujazo 5 ni mita za ujazo 20, yaani lita 20,000, ambazo ni ndoo 1,000 za lita 20. Dira ilionyesha mita za ujazo 20. Daftari lilionyesha ndoo 985 zilizouzwa. Ndoo 15 zilizosalia ni lita 300, kiasi kinachoweza kumwagika au kubaki tangini. Lita 15,000 zilizodaiwa kupotea hazikuwahi kuwapo.

Fundi alipoitwa alikuta kidhibiti kinahesabu kwa majira ya dunia, na kompyuta ilichapisha namba hizo bila ya kuziongezea saa 3. Kosa lilirekebishwa kwa dakika chache. Jina la mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wenzake halirekebishwi kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: kumbukumbu ya mashine isitumiwe kumtuhumu mtu kabla ya kuhakikisha saa iliyoiandika.

5. Jinsi saa zinavyooanishwa

Kamati haihitaji kuifanya kazi hii kwa mikono yake. Inahitaji kujua hatua zake ili iweze kumwagiza fundi na kumkagua.

Hatua ya kwanza: Kuchagua saa mzazi. Saa moja iteuliwe kuwa mzazi, na nyingine zote ziifuate. Penye intaneti, kompyuta hupata saa kutoka kwa seva za wakati kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Profesa David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani na unaotumika tangu miaka ya 1980. Kisha kompyuta huipitisha saa hiyo kwa kidhibiti. Pasipo na intaneti, kipokezi cha setilaiti za GPS chaweza kuwa mzazi mzuri. Lisiloruhusiwa ni saa mbili kurekebishana kila moja kwa zamu yake, kwa kuwa kosa la moja litarudi kwa nyingine.

Hatua ya pili: Kukubaliana juu ya majira. Ndani ya mashine ni vyema kutumia majira ya dunia kila mahali, na kuongeza saa 3 wakati wa kuonyesha au kuchapisha tu. Wakichagua kutumia majira ya Afrika Mashariki moja kwa moja, yatumike katika vifaa vyote. Kila taarifa inayochapishwa ionyeshe juu yake: "Saa zote ni za Afrika Mashariki." Mstari huo mmoja ungemwokoa mwendeshaji wa mfano wetu.

Hatua ya tatu: Kupima tofauti kabla ya kurekebisha. Ujumbe huchukua muda kusafiri, hasa unapopita katika mtandao wa simu. Tuseme kompyuta imeuliza saa ilipokuwa 10:00:00 kwa saa yake, na jibu likafika saa 10:00:04. Jibu linasema ni 10:05:12. Safari ya kwenda na kurudi imechukua sekunde 4. Tukichukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, jibu lilitoka sekunde 2 zilizopita. Kwa hiyo saa halisi ya mzazi sasa ni 10:05:14, na kompyuta imechelewa kwa dakika 5 na sekunde 10. Tofauti hiyo iandikwe kabla ya kuondolewa, kwa kuwa baada ya kurekebisha haitaonekana tena.

Hatua ya nne: Kutuma tarehe na saa kwa pamoja. Vidhibiti vingine hupokea mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde kama namba tofauti. Zikitumwa moja moja, kidhibiti chaweza kusoma saa mpya na dakika za zamani. Fundi atume namba zote kwanza, kisha atoe amri moja ya kuzipokea. Hali kadhalika, kazi hii isifanywe karibu na usiku wa manane, wakati tarehe inabadilika, wala karibu na saa ya kuwasha au kuzima pampu.

Hatua ya tano: Kuweka kikomo. Tofauti ya sekunde chache irekebishwe yenyewe kila siku. Tofauti kubwa, kwa mfano zaidi ya dakika 5, isikubaliwe kimyakimya. Kidhibiti kitoe ishara ya hitilafu, na mtu aangalie ni saa ipi yenye kosa. Bila ya kikomo, kompyuta iliyopoteza tarehe yake itakipotosha kidhibiti kilichokuwa salama.

Hatua ya sita: Kuilinda ratiba dhidi ya kuruka kwa saa. Tuseme pampu imepangwa kuwaka ifikapo 06:00:00 kamili. Saa ikirekebishwa kutoka 05:58 hadi 06:03, sekunde ile haitapita kamwe, na siku hiyo pampu haitawaka. Saa ikirudishwa nyuma kutoka 06:02 hadi 05:59, amri itatolewa mara mbili. Programu nzuri haiulizi "Je, sasa ni 06:00 kamili?" Huuliza "Je, sasa tupo kati ya 06:00 na 10:00?" Aidha, muda wa pampu kufanya kazi uhesabiwe kwa kihesabio cha ndani cha kidhibiti, si kwa kutoa saa ya kuanza katika saa ya kumaliza, kwa sababu kihesabio hicho hakisogei saa inaporekebishwa.

Hatua ya saba: Kuandika saa pale tukio linapotokea. Kidhibiti kiandike chenyewe saa ya kila tukio. Mtandao ukikatika kwa siku nzima na kompyuta ikapokea habari kesho yake, tukio libaki na saa yake ya kweli, lisipewe saa ya kupokelewa.

Hatua ya nane: Kuweka daftari la saa. Kila marekebisho yaandikwe: tarehe, tofauti iliyokutwa, sababu na jina la aliyerekebisha. Nywila ya kubadilisha saa wapewe watu wachache wanaojulikana. Anayeweza kuisogeza saa bila ya kuacha alama anaweza pia kuisogeza kumbukumbu.

6. Funzo la LUKU

Huenda msomaji akadhani mambo haya yako mbali na nyumba yake. Mwaka 2024 yaliingia katika kila nyumba yenye mita ya LUKU.

Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake, kwa njia ya siri, dakika ambayo kompyuta ya mauzo iliitoa. Dakika hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita haihitaji saa yake ili kuikubali tokeni. Hukumbuka tokeni za karibuni ilizozipokea na kukataa iliyokwisha kutumika au iliyo ya zamani mno. Kwa maneno mengine, mita huiamini saa ya kompyuta ya mauzo.

Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Ukizigawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, utapata siku 11,650 na ziada, yaani karibu miaka 32. Hesabu ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024, hapa kwetu na katika nchi zote zinazotumia mita za mfumo huo. Ndiyo sababu TANESCO iliwataka wateja waboreshe mita zao kabla ya tarehe hiyo. Mteja alipokea makundi matatu ya tarakimu 20 na kuyaingiza kwa mpangilio. Mawili ya kwanza yaliiandaa mita, la tatu lilibeba umeme alioununua. Mita zilizoanza kutumia mwanzo mpya wa hesabu, mwaka 2014, zitafikia ukomo wa namna hiyohiyo Novemba 2045.

Funzo lake ni kwamba hesabu ya wakati ni sehemu ya huduma anayoilipia mtumiaji. Mtoa huduma anayejali huieleza mapema, kwa lugha inayoeleweka, kabla haijaleta usumbufu.

7. Maswali ambayo mtumiaji ana haki ya kuyauliza

Unapoonyeshwa kumbukumbu ya mashine kuhusu ankara yako, mgawo wa maji au utendaji wako wa kazi, uliza kwa adabu maswali haya:

Saa hii iliandikwa na kifaa gani, kidhibiti au kompyuta?
Ni majira ya wapi?
Saa hiyo iliooanishwa lini kwa mara ya mwisho, na tofauti iliyokutwa ilikuwa kiasi gani?
Je, umeme au mtandao ulikatika katika kipindi hicho?
Je, usomaji wa dira unakubaliana na kumbukumbu hii?

Andika majibu pamoja na tarehe. Usiporidhika, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi kwa mtoa huduma kwanza, na ubaki na nakala. Kwa mamlaka za maji na kwa umeme, hatua inayofuata ni EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma, EWURA CCC, laweza kukushauri. Kwa miradi ya maji inayoendeshwa na vyombo vya jamii, fika ofisi ya RUWASA ya wilaya. Shaka ikiwa ni juu ya usahihi wa dira yenyewe, omba ihakikiwe. Wakala wa Vipimo ndiye msimamizi wa vipimo vya biashara.

8. Zoezi

(a) Mashine imeandika kwamba maji yalifungwa 22:00. Hiyo ni saa ngapi kwa hesabu yetu?

(b) Kumbukumbu ya kidhibiti inaonyesha pampu iliwaka 05:00 na kuzimwa 11:00. Daftari linaonyesha saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Je, tofauti hii yaweza kuelezwa na saa isiyooana peke yake?

(c) Saa ya kidhibiti huchelewa kwa sekunde 2 kila siku. Isipooanishwa kwa siku 90, itakuwa imechelewa kwa kiasi gani?

Majibu: (a) Ni saa 4 usiku. (b) Hapana. Mashine inaonyesha saa sita za kazi, daftari linaonyesha saa nne. Urefu umetofautiana, kwa hiyo saa isiyooana peke yake haitoshi kuwa maelezo. Kamati ikague dira, ikague uvujaji, kisha imsikilize mwendeshaji. (c) Ni sekunde 180, yaani dakika 3.

Swali la pili tumeliweka kwa makusudi. Somo hili halikuandikwa ili kila upotevu usingiziwe saa. Saa zikiwa zimeoanishwa na daftari lake likiwa limetunzwa, mwaminifu hupata shahidi na mdanganyifu hukosa pa kujificha.

Kabla ya kikao kijacho cha kamati yenu, fikeni penye kabati la pampu mkiwa na simu iliyowekewa saa ya mtandao. Linganisheni saa tatu: ya simu, ya kidhibiti na ya kompyuta. Andikeni tofauti mliyoikuta, pamoja na tarehe. Huo uwe ukurasa wa kwanza wa daftari lenu la saa.